Choo Nacho Kinapasha Joto Dunia?

Ukienda chooni unatoka haraka, sivyo? Kilichobaki shimoni hutaki hata kukifikiria. Lakini hakijalala! Kinaweza kuleta kipindupindu. Kinaweza kutoa gesi inayoongeza joto duniani. Na kinaweza kugeuka udongo mweusi unaostawisha migomba. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: hewa, joto na muda. Usikunje pua, soma kwanza.

Shimoni kuna nini?

Kinyesi huozeshwa na bakteria. Shimo likijaa maji, hewa haipenyi, na wanaostawi mle ni bakteria wasiohitaji oksijeni. Hao hutoa gesi ya methani. Kwa kipindi cha miaka 100, methani hunasa joto zaidi ya mara 25 kuliko uzito uleule wa kaboni dayoksaidi. Tena mvua kubwa zikija, shimo linafurika na uchafu unaingia visimani. Hapo ndipo kipindupindu kinapopata njia.

Je, tuache kutumia vyoo vya shimo? Hapana! Choo cha shimo ni bora mara nyingi kuliko kwenda porini. Ila ipo njia nyingine, hasa mahali ambapo maji yako karibu chini ya ardhi au hakuna nafasi ya kuchimba.

Rundo linalojipasha moto

Changanya kinyesi hicho hicho na vitu vikavu kama maranda, pumba za mpunga au makapi ya miwa. Vitu hivi hunyonya maji na kuacha nafasi za hewa kupita. Sasa wanaingia bakteria wanaopenda oksijeni. Wakifanya kazi, rundo linapata joto lenyewe, nyuzi 50 na zaidi. Methani inayotoka ni kidogo. Hutoka zaidi kaboni dayoksaidi, na kaboni hiyo ilivutwa hewani na mimea tuliyoila.

Joto hilo ndilo linaloua vijidudu vya magonjwa. Shirika la Afya Duniani linashauri rundo lote lipate zaidi ya nyuzi 50 kwa wiki moja au zaidi.

Haiti walifanyaje?

Shirika la SOIL lilianza kazi Haiti mwaka 2006. Miaka minne baadaye, Oktoba 2010, kipindupindu kililipuka nchini humo na kuua maelfu ya watu. Huko Cap-Haïtien, SOIL waliweka vyoo vya ndoo majumbani. Ukimaliza haja unafunika kwa makapi makavu, basi. Wafanyakazi hupita kuchukua ndoo zilizojaa na kuacha safi. Uchafu hupelekwa kwenye marundo ya mboji, joto linapimwa, na mboji ikiiva huuzwa kwa wakulima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima gesi kwenye marundo hayo na kwenye mabwawa ya majitaka ya Haiti. Marundo yalitoa methani kidogo sana yakilinganishwa na mabwawa. Kumbe kinga ya kipindupindu na kinga ya hali ya hewa zinaweza kukaa kwenye ndoo moja!

Angalia sana!

Kinyesi kibichi si mbolea. Usikimwage kwenye mchicha hata siku moja. Mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu na yanaweza kuishi udongoni muda mrefu. Rundo lisilopata joto la kutosha lisiguswe kwa zaidi ya mwaka mzima, hata katika nchi zenye joto kama zetu. Kazi hii inataka glavu, viatu, sabuni na mtu aliyefundishwa. Msijaribu kivyenu nyuma ya bweni!

Wewe ufanye nini?

Anza na rundo la majani makavu, maganda ya ndizi na mabaki ya mboga katika shamba la shule. Ingiza mkono wako katikati baada ya siku chache: utalisikia joto. Muulize mwalimu wa baiolojia kwa nini. Kisha iulizeni kamati ya afya ya shule: vyoo vyetu vikijaa, uchafu unapelekwa wapi?

Na kila ukitoka chooni, iwe cha shimo, cha maji au cha ndoo, osha mikono kwa sabuni. Hiyo haisubiri utafiti.