Baiskeli zinazovuka nchi tatu bila foleni

UKITAKA kutoka Ufaransa uingie Luxembourg kisha Ujerumani kwa nguvu za miguu yako, siku moja inatosha. Kandokando ya Mto Mosel, mwendesha baiskeli anaweza kunywa kahawa asubuhi katika mji mdogo wa Sierck-les-Bains nchini Ufaransa, akala mchana Remich nchini Luxembourg na usiku akalala Ujerumani. Njia nzima atakuwa kati ya mto na mashamba ya mizabibu, na kwa kawaida hatagonga muhuri wala kujaza fomu.

Kwa msomaji anayevuka Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo na mzigo wake, safari ya namna hiyo inaweza kuonekana mchezo wa wenye nafasi. Ni kweli, ni starehe. Lakini fedha zinazoachwa njiani zinaingia mifukoni mwa watu wanaofanana naye: muuza mikate, mwenye vyumba vitatu vya wageni, fundi baiskeli, mkulima anayeuza mvinyo wake mwenyewe. Zinawafikia kirahisi kwa sababu mpaka umelegezwa.

Baiskeli ya changarawe

Baiskeli inayotumika sana katika safari hizi huitwa ya changarawe. Kwa mbali inafanana na ile ya mashindano ya lami, yenye usukani uliopinda kwenda chini. Tofauti iko chini: matairi ni mapana na yana kashata, breki ni za diski, na gia zake ni nyepesi ili mpandaji aweze kupanda mlima mkali akiwa ameketi. Inapita lami vizuri, na lami ikiisha haikwami.

Mchezo huo ulipata nguvu Marekani, hasa kupitia mbio zilizoanza mwaka 2006 huko Emporia, jimbo la Kansas, ambazo leo zinaitwa Unbound. Umbali wake mkuu ni maili 200, sawa na kilomita 320 hivi za barabara za mashambani. Mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) liliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe katika jimbo la Veneto, Italia.

Wengi wanaonunua baiskeli hizo, hata hivyo, hawashindani na mtu. Wanatafuta njia ambayo haina malori.

Bonde la mizabibu

Njia hiyo wanaipata Mosel. Mto huu unaanzia milima ya Vosges nchini Ufaransa na kuishia katika Mto Rhine kwenye mji wa Koblenz, Ujerumani. Kutoka mpaka wa Ufaransa hadi Koblenz, ukifuata mto, ni kilomita zipatazo 240. Ukingoni kuna njia tambarare ya baiskeli, ambayo hata mtoto anaiweza. Mwenye baiskeli ya changarawe anaiacha na kupanda juu, kwenye vijia ambavyo wakulima wanapitisha trekta zao.

Huko juu ndiko kazi ilipo. Msomaji wa Dodoma anaujua mzabibu, lakini anaujua ukiwa kwenye ardhi tambarare na ukivunwa mara mbili kwa mwaka. Mosel huvuna mara moja tu, majira ya vuli, na sehemu nyingi mizabibu imepandwa kwenye miteremko ambayo mashine haiwezi kusimama. Shamba la Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, lina mwinuko unaofikia nyuzi 65 na linahesabiwa miongoni mwa mashamba ya mizabibu yenye mteremko mkali kuliko yote Ulaya. Mawe meusi ya ardhini hushika joto la jua mchana na kulitoa usiku, na hilo huisaidia zabibu ya Riesling kuiva katika nchi yenye baridi.

Mahali mto unapozitenganisha Luxembourg na Ujerumani, maji yenyewe ni mali ya nchi zote mbili kwa pamoja, utaratibu uliowekwa kwa mkataba tangu mwaka 1816. Upande wa Luxembourg, njia inapita vijiji vya mvinyo vya Remich, Ehnen, Wormeldange na Grevenmacher hadi Wasserbillig. Hapo Mto Sûre unaingia Mosel, na feri inayotumia umeme huvusha watu, magari na baiskeli kwenda ng’ambo ya Ujerumani. Anayetaka utulivu zaidi hugeuka na kufuata bonde la Sûre kuelekea Echternach, mji uliokua kuizunguka abasia iliyoanzishwa mwaka 698.

Kijiji kilichotoa jina

Mwanzoni mwa njia hiyo, pale mipaka ya nchi tatu inapokutana, kuna kijiji cha wakulima wa zabibu ambacho jina lake limegongwa kwenye pasipoti za Waafrika Mashariki wengi: Schengen. Juni 14, 1985, wawakilishi wa Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi walikutana hapo ndani ya meli Princesse Marie-Astrid na kusaini makubaliano ya kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi katika mipaka yao.

Wino ulikauka siku ile ile, lakini vizuizi vilichukua muda. Mkataba wa utekelezaji ulisainiwa mwaka 1990, na ukaguzi ukaanza kuondolewa Machi 1995, karibu miaka 10 baada ya sherehe ya mtoni. Leo eneo la Schengen lina nchi 29, na viza moja ya muda mfupi inamruhusu mgeni kukaa humo hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180.

Fedha zinavyotawanyika

Mtalii wa gari hujaza buti dukani mara moja na kuondoka. Wa baiskeli hana buti. Hununua kidogo, na baada ya kilomita 30 ana njaa tena. Kwa hiyo hata kijiji kisicho na hoteli kubwa hupata chake.

Wenyeji wamejipanga kumpokea. Ujerumani inamruhusu mkulima wa zabibu kufungua mgahawa wa msimu na kuuza mvinyo wake mwenyewe bila leseni ya kawaida ya mgahawa, mradi asizidishe miezi minne kwa mwaka na viti 40. Huning’iniza matawi au ufagio mlangoni, na wapita njia wanajua pamefunguliwa. Nacho chama cha waendesha baiskeli cha ADFC hutoa alama maalumu kwa nyumba za wageni zinazompokea msafiri hata wa usiku mmoja, zenye mahali salama pa kufungia baiskeli, pa kukaushia nguo zilizolowa, na vifaa vya matengenezo madogo. Masharti hayo hayahitaji mtaji mkubwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Luxembourg imeongeza jambo jingine: tangu mwaka 2020 treni, mabasi na tramu ni bure nchi nzima kwa daraja la kawaida. Aliyechoka anapakia baiskeli kwenye treni na kurudi alikotoka.

Tofauti za bei zimebaki

Kulegeza mpaka hakukufanya nchi hizo kuwa kitu kimoja. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 17 Luxembourg, 19 Ujerumani na 20 Ufaransa. Mafuta na sigara ni nafuu Luxembourg, ndiyo maana mji mdogo wa Wasserbillig umejaa vituo vya mafuta vinavyotegemea wateja kutoka ng’ambo. Wakazi zaidi ya 200,000 wa nchi jirani huingia Luxembourg kufanya kazi na kurudi makwao. Mfanyabiashara wa pale anaishi kwa tofauti za bei kama anavyoishi wa Busia. Kinachomrahisishia ni kwamba wote wanatumia euro, hivyo hakatwi kila anapobadilisha fedha.

Thamani ya uhuru huo ilionekana ulipoondolewa. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Ujerumani ilirudisha ukaguzi, na baadhi ya madaraja ya Mosel yakafungwa kwa vizuizi hadi katikati ya Mei. Miji iliyozoea kuwa na soko pande mbili ikabaki na upande mmoja. Septemba 2024 Ujerumani ilitangaza tena ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, safari hii kwa hoja ya uhamiaji na usalama. Hata Schengen, basi, mpaka ulio wazi unahitaji kutetewa kila mara.

Kwetu je?

Afrika Mashariki haikosi baiskeli wala changarawe. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa na baiskeli zilizobeba abiria mpakani mwa Kenya na Uganda. Tangu mwaka 2021 mbio za changarawe za Migration hufanyika Maasai Mara, na Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Barabara ambazo Mzungu anazitafuta kwa gharama kubwa, sisi tunazo hadi mlangoni.

Kilichobaki ni mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010. Vituo vya huduma za pamoja mpakani, kama Namanga na Busia, vimepunguza kusimama mara mbili. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha na zisizozidi thamani ya dola 2,000, anaweza kupata cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa hapo hapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Ni vizuri akiulize kabla hajashawishika kupita njia ya panya. Sarafu moja, ambayo itifaki yake ilisainiwa mwaka 2013, bado haijaja. Viza ya pamoja ya watalii iliyoanza mwaka 2014 inazihusu Kenya, Uganda na Rwanda tu, hivyo mgeni anayetaka kuendesha baiskeli kutoka Nairobi hadi Arusha hawezi kuitumia kuvuka Namanga.

Mgeni huyo akipewa njia nyepesi, atanunua maji Kajiado, atalala Namanga, ataziba pancha Longido na kula chakula cha usiku Arusha. Fedha hizo ni ndogo ukizitazama moja moja. Vijiji vya Mosel vimejifunza kuzipokea, na vimejionea jinsi zinavyokauka kizuizi kinaporudi darajani.