Magurudumu ya mashindano bila kufilisi familia

KWA Wakenya wengi, mashindano ya magari ni mchezo wa wenye nazo. Ukiutaja, watu hukumbuka Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953 na kurudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, ambapo magari hugharimu mamilioni ya shilingi.

Hata hivyo, kuna mlango mwingine ambao hata mwanafunzi wa chuo au mzazi mwenye Starlet kuukuu anaweza kuupitia. Huo ni mchezo wa autokrosi. Huchezwa kwenye uwanja wa udongo wenye kona nyingi, kama ilivyowahi kuwa Jamhuri Park, Nairobi, na mshindi huamuliwa na saa. Kona ndizo hupima dereva, na kinacholishikilia gari konani ni magurudumu.

Tatizo ni kwamba gari la mwanamichezo chipukizi aghalabu ndilo la familia. Jumapili liko uwanjani, Jumatatu linapeleka watoto shule. Kosa dogo katika kununua magurudumu linaweza kuitia nyumba nzima hasara, au hatari.

Jambo la kwanza ni kuepuka tamaa ya rimu kubwa zinazong'aa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chukua mfano wa tairi la 175/70R13. Ubavu wake una kimo cha milimita 122 hivi. Ukifunga 195/50R15, gurudumu linabaki na kimo kile kile, lakini ubavu unapungua hadi milimita 97. Mpira unaokinga rimu dhidi ya mawe na mashimo umepungua, na tairi lenyewe huwa ghali zaidi. Isitoshe, kwenye vumbi na changarawe, tairi jembamba hukata hadi kwenye ardhi ngumu, ilhali pana huelea juu.

Kwa hivyo, tafuta rimu nne za chuma zilizotumika, ziwe za Jumapili pekee. Maduka ya vipuri vya mitumba ya Barabara ya Kirinyaga ni mahali pazuri pa kuanzia. Rimu ya chuma ikipinda kidogo, fundi huweza kuinyoosha. Ile ya aloi ni nyepesi, lakini ikigongwa sana hupasuka, na kuichomelea si salama.

Kabla ya kulipa, chunguza kama rimu inaoana na gari lako. Starlet na Civic nyingi za miaka ya 1990 zina nati nne katika mzingo wa kipenyo cha milimita 100, lakini tundu la katikati ni tofauti: Toyota milimita 54.1, Honda 56.1. Rimu ya Toyota haitaingia kwenye Honda, na ya Honda italegea kwenye Toyota isipowekewa pete ya kujaza nafasi hiyo. Vilevile, nati za Subaru zina meno tofauti na za Toyota. Usizilazimishe.

Kuhusu matairi, jipya la bei ya wastani ni bora kuliko kuukuu la jina kubwa. Ukilazimika kununua lililotumika, soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, baada ya herufi DOT. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi lililozeeka hukauka na kuteleza, na kampuni nyingi hushauri lisitumike zaidi ya miaka 10 hata kama kashata ni nzuri. Likataa lenye nyufa, uvimbe au kiraka ubavuni. Vijinundu vilivyo ndani ya mifereji vikilingana na kashata, zimebaki milimita 1.6 tu, na kipara kiko njiani.

Upepo nao hugawanya madereva. Wapo wanaoupunguza ili tairi lishike zaidi. Ukiupunguza kupita kiasi, tairi huweza kung'oka kwenye rimu katikati ya kona. Anza na kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa gari, kisha badilisha kidogo kidogo. Kumbuka kukirudisha kabla ya kuingia barabarani.

Mwisho, soma kanuni za klabu inayoandaa mashindano na za Kenya Motor Sports Federation kabla ya kufungua mkoba, kwani kila daraja la magari lina masharti yake. Pesa zitakazobaki baada ya kuacha rimu za fahari, nunulia helmeti nzuri. Tairi hununuliwa tena. Kichwa hakina duka.