MIMEA ISIYO NA MBEGU

Sisi wakulima tunajua kazi ya mbegu. Ukitaka mahindi, unapanda mbegu ya mahindi. Ukitaka maharagwe, unapanda maharagwe. Lakini je, umewahi kuona mbegu ya kangaga? Hujaiona, kwa sababu haipo. Iko mimea isiyotoa maua wala mbegu.

Mimea hiyo huzaanaje? Mingi hutoa chembe ndogo sana kama vumbi. Chembe hizo huitwa spora. Huchukuliwa na upepo au maji. Zikianguka mahali penye unyevu, huota. Tutazame makundi matatu.

1. Mwani

Mwani huishi majini au penye unyevu. Hauna mizizi ya kweli, wala shina, wala majani. Mwili wake wote hunyonya maji. Mwani mwingine ni mdogo sana. Ndio ule utelezi wa kijani tunaouona bwawani. Mwingine ni mkubwa, kama ule wa baharini. Huko Unguja, wakulima wa Paje na Jambiani walianza kulima mwani wa kuuza mwaka 1989. Hawapandi mbegu. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na kila kipande hukua.

2. Mosi

Mosi ni mimea mifupi. Hutanda kama zulia la kijani juu ya mawe na magogo yenye unyevu. Ina vijani vidogo, lakini haina mizizi ya kweli. Tena haina mishipa imara ya kupandisha maji. Ndiyo maana hairefuki. Lakini hushika maji ya mvua, kisha huyaachia polepole.

3. Kangaga

Kangaga lina mizizi, shina, majani na mishipa ya maji. Kwa hiyo hurefuka. Jani lake changa hujikunja kama mkia wa kinyonga. Katika misitu ya Usambara na Kilimanjaro yako makangaga marefu kama miti. Geuza jani lililokomaa. Mara nyingi utaona madoa ya kahawia. Humo ndimo zinamotoka spora.

Na uyoga je? Uyoga hutoa spora, lakini si mmea. Hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hupata chakula kwenye vitu vingine, kama magogo yanayooza.

Tujihadhari

Iko aina ya kangaga inayoenea kwenye mashamba yaliyochomwa moto mara kwa mara. Kangaga hilo ni sumu kwa ng'ombe. Mashina yake hutambaa chini ya ardhi. Ukichoma majani, mashina hubaki na kuchipua tena. Basi tusiwachunge ng'ombe humo.

Tulinde chemchemi

Mosi na kangaga huhitaji maji ili kuzaana. Chembe ya kiume huogelea ndani ya maji mpaka kuifikia ya kike. Tukikata miti kwenye chemchemi, jua hupiga mawe na unyevu hupotea. Mosi hukauka mapema. Mkiona hivyo, msingoje mpaka ndoo zirudi tupu. Acheni kukata miti hapo, na mpande mingine.

Maswali

1. Kwa nini mosi hairefuki kama kangaga?
2. Kwa nini uyoga si mmea?
3. Nendeni kwenye chemchemi ya kijiji chenu. Mnaona makundi gani? Kivuli kipo?