Je, Wajua? Mkono wa Mafuta na Milimita Zake

Je, wajua kwamba injini ya pikipiki haitakiwi kuitika papo hapo unapogusa mkono wa mafuta? Ule mzunguko mtupu wa mwanzo, ambao mafundi huuita plei, umewekwa makusudi. Honda nyingi hutaka milimita 2 hadi 6 zipimwe kwenye ukingo wa mkono, na Yamaha nyingi 3 hadi 5. Piga alama ya chaki kwenye mpira, weka rula, zungusha taratibu mpaka uhisi waya umeanza kuvuta. Basi, umeshapima.

Je, wajua plei ikiisha kabisa kinatokea nini? Ukiachia mafuta, pistoni ya kabureta inapaswa kushuka na kukalia skrubu ya sailensi, ile inayoamua injini ingurume kwa kasi gani ikiwa haijavutwa. Waya ukikazwa mno, pistoni inabaki inaning'inia. Injini inapiga resi yenyewe, petroli inateketea umeegesha kijiweni ukingoja abiria, gia inaingia kwa kishindo. Mteremkoni unaachia mafuta, lakini injini haikusaidii kushika mwendo kama ilivyozoea.

Ikizidi je? Mkono unafika mwisho wakati pistoni haijafika juu. Abiria wawili na gunia la viazi, kilima kiko mbele, pikipiki imechoka. Wapo waliofunguliwa injini na kubadilishiwa ringi kwa tatizo la nati moja.

Je, wajua kwamba waya unaweza kuwa sawa usukani ukiwa umenyooka, ukawa hatari ukikata kona? Waya hupita shingoni mwa pikipiki, na usukani ukigeuka njia yake hubadilika. Jaribu hivi: pikipiki iwe kwenye stendi, gia huru, injini ya moto ikinguruma. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, bila kugusa mafuta. Mlio ukipanda upande mmojawapo, waya umebana au umepitishwa njia mbaya. Wahanga wakubwa ni waliofunga usukani mrefu au fremu ya mwavuli bila kuuangalia waya. Pikipiki inayojivuta yenyewe wakati dereva anageuza katikati ya barabara haina mzaha.

Je, wajua mpangilio wa kazi? Sailensi kwanza, injini ikiwa imepata moto, kwa skrubu yake, waya baadaye. Fundi anayekaza waya ili injini isizimike anaficha ugonjwa, na mimi nisingemwachia pikipiki yangu. Sailensi ikishakaa sawa, legeza nati ya kufungia iliyo karibu na mkono. Ukizungusha kirekebishio kitoke nje, plei inapungua. Ukikiingiza ndani, inaongezeka. Nafasi ya juu ikiisha, kirekebishe cha chini, kwenye kabureta. Kaza nati, kisha rudia jaribio la usukani.

Pikipiki yenye waya mbili? Mmoja unafungua, mwingine unafunga. Wa kufunga hulegezwa kwanza.

Je, wajua kwamba waya huu una baba? Mwairishi Ernest Monnington Bowden alipata hataza yake Uingereza mwaka 1896: waya wa chuma unaoteleza ndani ya ganda lililosokotwa kama springi. Ulianza kuvuma kwenye breki za baiskeli. Mwaka huohuo, tarehe 1 Juni, Sylvester Roper wa Marekani alifariki akiwa juu ya baiskeli yake ya mvuke, akiwa na umri wa miaka 72. Roper alikuwa akiongoza mvuke kwa kuzungusha mkono katika karne hiyo ya 19, kabla petroli haijatawala barabara.

Na Indian za zamani, pikipiki za Marekani, mafuta yalikuwa mkono wa kushoto!

Je, wajua kwamba waya hukatika hasa kwenye kichwa chake, pale risasi ilipofungwa? Huanza uzi mmoja. Uzi huo ukijikunja ndani ya ganda, mkono haurudi. Likikukuta njiani, kamata klachi na uzime swichi. Ukiona uzi umechomoza, usiukate ukaendelea. Nunua waya mpya.

Grisi nzito ndani ya waya hukusanya vumbi. Oili nyepesi inatosha, itiwe juu mpaka itokee chini. Waya zenye bomba la plastiki ndani nyingine hazihitaji kitu.

Je, wajua kwamba Yamaha YZF-R6 ya 2006, pikipiki ya kwanza ya kuuzwa madukani iliyoachia kompyuta kufungua mafuta, bado ilikuwa na waya kutoka mkononi hadi kwenye sensa? Plei yake ilipimwa vilevile.

Bodaboda za umeme zinazopita sasa Nairobi na Kigali hazina waya wa kuvuta. Sumaku ndogo ndani ya mkono hubadilisha volti, kutoka kama 1 hadi kama 4, na kompyuta ya mota inasoma. Springi ya kurudisha mkono imebaki, na mpira uliosukumwa mpaka ukasugua ncha ya usukani utaizuia isirudi, sawasawa na kwenye pikipiki ya petroli.