Kishindo cha Kioo katika Kamera za Zamani

Wanafunzi wengi wakisikia kwa mara ya kwanza kamera ya zamani ya filimu pana ikipiga picha, hushtuka na kusema, "Imevunjika!" Mimi ni mtunzaji wa vyombo katika Chama cha Picha cha shule yetu, na jambo hili naulizwa kila muhula. Basi nataka kueleza kishindo hicho hutoka wapi, na kama ni dalili ya uchakavu au sivyo.

Kwanza tujue kazi ya kioo. Katika kamera kama Hasselblad 500C, iliyotolewa Uswidi mwaka 1957, lenzi moja hutumika kwa kutazamia na kwa kupigia picha. Nyuma ya lenzi kuna kioo kilichoinama, nacho hurusha nuru juu kwenye kidirisha anachotazama mpiga picha. Kioo kikiwa hapo, nuru haiwezi kufika kwenye filimu. Hapana budi kiondoke kwanza.

Ukibonyeza kitufe, mambo hufuatana upesi: kilango kilichomo ndani ya lenzi hufunga, kioo huruka juu, milango miwili ya nyuma hufunguka, ndipo kilango cha lenzi hufunguka na kufunga kwa muda uliouchagua. Kilango hicho hakina sauti kubwa. Kishindo ni cha kioo na ile milango. Kisha kioo hubaki juu mpaka uzungushe mkono wa kamera kwa picha nyingine; kwa hiyo usishangae kuona giza.

Mbona kamera ndogo hazina kishindo hivyo? Picha ya filimu ndogo ni milimita 24 kwa 36, lakini ya Hasselblad ni kama milimita 56 kwa 56, yaani eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu. Kwa hiyo kioo chake ni kikubwa, na kitu kikubwa kikisimamishwa ghafula hupiga kwa nguvu. Pentax 6x7 ya mwaka 1969 inajulikana sana kwa mshindo wake. Lakini Rolleiflex ya lenzi mbili ni pole, maana kioo chake hakisogei kabisa.

Kwa hiyo kishindo peke yake si ugonjwa. Ubaya wake ni kutikisa kamera. Ukipiga kwa 1/500 ya sekunde, mtikisiko haupati nafasi ya kuharibu picha. Ukiacha kilango wazi kwa sekunde nyingi, mtikisiko hutulia mapema. Hatari iko katikati, kama 1/15 au 1/8. Dawa yake ni kuweka kamera juu ya miguu mitatu, kuinua kioo kwanza, kungoja kidogo, ndipo upige.

Uchakavu ninaouogopa mimi hauna sauti. Chini ya kioo kuna vipande vya sponji ambavyo hukilaza mahali pake. Sponji hiyo huoza kwa miaka, joto na unyevu, hata kama kamera imefungiwa kabatini. Hugeuka kuwa unga au ulimbo. Hapo kioo hushuka kidogo tu, lakini hicho kidogo chatosha. Katika kidirisha utaona sura za watu zimekaa sawa, kumbe kwenye filimu ni ukungu. Fikirini picha ya darasa la mwisho: filimu ina nafasi 12 tu, na ikisafishwa wenyewe wamekwisha kutawanyika makwao.

Kwa hiyo ipimeni kamera kabla ya siku kubwa. Lazeni rula kwa mshazari, fungueni lenzi mpaka mwisho, lengeni namba moja, mpige, kisha mtazame filimu. Kama namba iliyo safi ni nyingine, mpelekeeni fundi. Mpelekeeni pia kama mlio umebadilika, ukawa mzito au wa kusitasita. Msitie mafuta wenyewe, wala msikiguse kioo kwa kidole, kwa sababu rangi yake ya fedha iko juu, haikukingwa na kitu.

Kamera yenye kishindo kilekile cha kila siku yafanya kazi yake. Ya kuogopwa ni ile sponji iliyonyamaza, maana kikulacho ki nguoni mwako.