Redio ya Ngalawa Inaanzia Nchi Kavu

Chiungutwa, wilayani Masasi, iko mbali na bahari, lakini samaki mkavu anayepandishwa Masasi na Newala kutoka Mikindani, Msimbati na Lindi amevuliwa na watu wanaotoka usiku kwa ngalawa, madau na boti za faiba, wengi wao wakitegemea simu tu. Mvuvi anayefikiria kununua redio ya baharini, ile ya masafa ya VHF, huanza kwa kuuliza ina wati ngapi. Kwa maoni yangu swali hilo lingengoja. Aulize kwanza ni nani atakayemsikia, na arieli ya huyo msikilizaji imesimikwa juu kiasi gani.

Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Anayesimama Shimo la Mungu pale Newala huliona bonde la Ruvuma hadi upande wa Msumbiji. Akishuka bondeni, vichaka vichache tu vinamziba. Redio nayo ndivyo inavyoona. Arieli iliyo mita 1 juu ya maji, yaani mkononi mwa mtu aliyeketi ngalawani, ina upeo wa kilomita 4 hivi, kwa hiyo ngalawa mbili zitasikilizana kwa kilomita 8. Lakini msikilizaji wa ufukweni akiwa na mlingoti wa mita 16, upeo wake peke yake ni kilomita 16, na mawasiliano na ngalawa ileile yanafika kama kilomita 20. Redio ya mkononi hutoa wati 5 au 6, ya kufungwa chomboni 25. Tofauti hiyo husafisha sauti, ila mviringo wa dunia uko palepale. Tena wati 25 zinadai betri ya volti 12 na hunywa ampea tano hivi kila unaposema. Ngalawa haina betri, na mashine nyingi ndogo za kuwasha kwa kamba hazichaji.

Kwa hiyo chombo kidogo kinahitaji redio ya mkononi iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari: inayoelea, yenye alama ya IPX7, maana yake imepimwa ikazama mita 1 kwa nusu saa bila kuharibika. Redio za bei nafuu wanazobeba walinzi wa majengo zinavutia mfuko, lakini nyingi hazivumilii maji ya chumvi. Kitufe chekundu cha dharura, kinachotuma namba ya chombo na mahali kilipo kupitia chaneli ya 70, ni kizuri, mradi ndani ya upeo kuwe na redio inayopokea ujumbe huo.

Wapo watakaosema simu inatosha. Simu humfikia mtu mmoja, tena pale palipo na mtandao; wito wa chaneli ya 16, ile ya dharura, humfikia kila aliye jirani na aliyeifungua, zikiwemo meli za mizigo zinazoingia Mtwara. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nchi kavu hakuna anayesikiliza. Kituo cha uratibu wa uokoaji baharini, kilicho chini ya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, kiko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka Msimbati. Hakuna redio ya mkononi itakayofika huko. Hiyo ndiyo sababu ya kuianza kazi hii dikoni. BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa fukwe, ifunge redio moja ya wati 25, mlingoti mrefu na sola, iweke zamu ya kusikiliza usiku, na msikilizaji apige simu Dar. Mlingoti huohuo utapeleka onyo baharini. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilitua Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi. Hidaya kilifika Mafia Mei 2024. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa huwafaa walio nyumbani. Aliyekwisha kutweka tanga haipati bila mtu wa kumwita.

Gharama ni kubwa kwa nahodha mmoja, si kwa kikundi. Chenye fedha za redio tatu kinunue moja ya diko na mbili za mkononi, zizunguke kwa vyombo vinavyokwenda mbali zaidi. Na kabla ya kulipa, kiulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni ya masafa.