Unataka Kuwa Meneja wa Mjengo wa Godauni? Hii Ndiyo Rada Maboss Hutumia Kuchagua

Ukishika Mombasa Road mpaka Athi River, ama uende Tatu City huko Ruiru, utaona majumba ya mabati yametandaa hadi macho yanachoka. Hayo ni magodauni. Unga, sabuni na hivyo viatu uliagiza kwa simu, vyote hulala hapo kabla vikufikie.

Wasee wengi hudhani kujenga godauni ni simpo: simamisha chuma, funika bati, imeisha. Zii. Mjengo kama huo unaweza kumeza doh ya mtu hadi alie, na mara nyingi shida huanzia kwa msee alipewa saiti asimamie. Cheki vitu tatu zenye hulalisha maboss macho.

Udongo. Sehemu nyingi za Embakasi na Athi River ziko na ule udongo mweusi hung'ang'ania viatu kukinyesha. Ukilowa unafura, ukikauka unapasuka. Lazima uchimbwe utolewe, halafu ujaze mawe na murram na ushindilie. Ukiruka hiyo stepu, sakafu itaanza kupasuka wakati mwenye godauni ashaingiza mzigo.

Sakafu. Ndani ya godauni kuna foklifti zinainua mizigo mita kadhaa juu. Sakafu ikipinda kidogo tu huku chini, kule juu mlingoti unayumba vibaya. Tena konkriti haikauki tu kama chapo. Inamwagiwa maji siku kadhaa ili ishike vizuri, na nguvu yake huhesabiwa siku ya 28. Msee mwenye haraka ataruka hiyo kitu juu mteja anapiga simu kila saa.

Chuma. Fremu ikisimamishwa kabla ifungwe vizuri na zingine, upepo unaweza kuilaza. Na chini yake kuna mafundi na watu wa mkono, wazazi wa watu. Hapa si doh tena, ni maisha.

Umeona kitu moja? Kwa zote tatu, kuna mahali mtu anafaa kusema "simameni." Huyo ndiye maboss wajanja hutafuta. Meneja wa kupiga kelele ni rahisi kupata. Wa kusimamisha kazi boss akiwa amekasirika, na akuwe na sababu ya kuonyesha, hao ni wachache.

Hivi ndivyo wanamsaka

Kwanza, wanamwajiri mapema, kabla tingatinga ifike. Meneja akipata michoro ishamalizwa na chuma ishaagizwa, makosa yote anarithi.

Pili, wanauliza kazi yenye ashamaliza. Si "nimekuwa kwa mjengo miaka kumi." Godauni gani, ukubwa gani, ilianza lini na iliisha lini? Msee wa maploti ya ghorofa anaweza kuwa moto huko na bado ashindwe na sakafu ya godauni.

Tatu, wanamtupia swali ya saiti: "Imenyesha siku tatu, chuma imekwama Mombasa, na mafundi hamsini wanangoja mshahara Jumamosi. Unafanya nini Jumatatu?" Mwenye amekuwa huko ataanza kuuliza maswali yake. Mwenye amekariri vitabu atatoa hotuba.

Nne, wanapigia mafundi wake wa zamani. Fundi atakuambia ukweli: kama alilipwa, kama kulikuwa na helmeti za kutosha, kama meneja alikuwa anaonekana ama alikuwa anakaa kwa gari.

Mwisho ni makaratasi. NCA ndiyo husajili makontrakta na kuidhinisha wasimamizi wa saiti na mafundi. Injinia naye anafaa kuwa kwa rejista ya EBK. Ukiambiwa "mimi ni injinia," uliza namba yake ucheki.

Na wewe uko chini, utapanda aje?

Kama unabeba mawe saa hii, usidhani mlango umefungwa juu hukumaliza shule. NITA wako na mtihani wa ufundi wa gredi 3, 2 na 1, na mtu anaweza kuufanya kwa ujuzi wa mikono yake. Ukitaka kuenda mbali zaidi, diploma ya ujenzi kwa chuo cha ufundi itakufungulia usimamizi.

Lakini anza leo na kitu haina ada: andika. Nunua kidaftari. Kila siku weka konkriti ilimwagwa saa ngapi, watu wangapi, mvua ilinyesha ama la, nini ilikwama na mlitoka aje. Piga picha kama saiti inaruhusu. Ukiitwa intavyuu miaka mitatu ijayo, wengine watakuja na stori, wewe utakuja na ushahidi.

Alafu chunga matapeli. Kuna watu huzunguka na "nafasi za meneja wa saiti" halafu wanataka utume doh ya fomu ama ya medikali kwa namba ya mtu. Kampuni siriasi inataka kuona kazi yako, haitaki elfu mbili zako. Ukiskia "tuma kwanza," hepa.

Na kama ni wewe uko na ploti na doh ya kujenga, lipa meneja poa na umpe nguvu ya kusimamisha kazi. Akikuambia tungoje wiki moja sakafu ishike, ngoja. Hiyo wiki ni bei rahisi kuliko kuvunja sakafu yote uanze upya.